Hooyo, Sitaomba Radhi kwa Kuinua Miguu Yako

Mpendwa Hooyo, mama yangu,

Ulinipigia kwa simu ya jirani, ukasema kwa ile sauti yako isiyojadiliwa: "Nenda kwa abti yako ukamwombe radhi, mahali pangu pale hotelini pasipotee." Ukakata kabla sijajibu. Basi jibu langu ni hili, na nimeliandika wazi, kila mtu alisome, kwa sababu kosa ninalodaiwa kulitenda nalo lilitendeka mbele za watu. Najua mpwa wako Halima ndiye atakayekusomea huko Bura, akikufasiria kwa Kisomali sentensi moja moja. Halima, usiruke mstari wowote kwa kumwonea huruma.

Katika kumbukumbu zangu zote za utoto, Hooyo, wewe umesimama. Nilipitia mlango wa nyuma wa hoteli ya kaka yako, huyo Abti, kabla ya shule, nawe ukanikunjia anjera ya kwanza, chapati yetu laini ya kumimina, kwa samli na sukari, uzito wako ukiwa kwenye mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena. Ulisimama tangu alfajiri hadi mteja wa mwisho wa mchana aliponawa mikono. Uliwahi kuniambia kwamba ulipokuwa msichana ulifuata ngamia kutwa nzima bila kuumwa. "Miguu haikuniuma nilipoitembeza," ulisema. "Iliniuma nilipoisimamisha."

Mishipa ikatuna nyuma ya magoti yako, ya buluu, yenye mafundo. Hukupewa likizo, wala hukuwa na mkataba. Kila ulipolalamika, Abti alikujibu, "Sisi ni familia," na neno hilo zuri likafanya kazi ambayo mwajiri mwingine angehitaji mnyapara kuifanya.

Nilikupeleka Nairobi. Daktari alikuchoma mshipa mbovu kwa ndani, akakueleza kwa upole: vaa soksi za kubana, tembea kidogo kila siku, usisimame kwa muda mrefu, na ukipumzika, inua miguu. Tuliporudi nyumbani, katika joto la Garissa, tuliokota kicheko hata kwenye soksi zile. Nilizivuta kila asubuhi, jasho likitutoka sote wawili, nawe ukasema, "Hizi zinanibana kuliko mama mkwe."

Kisha wakaja wageni. Mtaa mzima ulikuja kukujulia hali, Mwenyezi Mungu awalipe kwa nia zao. Lakini kwetu mtu hamnyooshei mgeni nyayo, na wewe ni mwanamke wa heshima. Kila iliposikika "Salaam aleykum" mlangoni, miguu yako iliteremka kutoka kwenye mito.

"Hooyo, miguu."

"Nyamaza, kuna wageni."

Jioni vifundo vilikuwa vimevimba kama mandazi.

Siku aliyokuja Abti, sebule ilikuwa imejaa. Alileta maziwa ya ngamia, akakuombea dua ndefu, nasi tukaitikia. Alipomaliza, mikono haijashuka vizuri usoni, akauliza, "Unarudi lini? Wateja wanasema anjera ya siku hizi ni kandambili." Watu wakacheka. Nawe, miguu ikining'inia na midomo imekauka kwa maumivu, ukajibu, "Jumamosi, inshallah."

Nikainuka. Nikaishika miguu yako, nikairudisha juu ya mito, nyayo zikamwelekea yeye.

"Hili ndilo mlilofundishwa chuo kikuu?" akauliza. "Kumwonyesha mjomba nyayo?"

"Tumefundishwa kusoma maagizo ya daktari, Abti."

Akaondoka. Wiki hiyohiyo dada yako alikuja kukuchukua, nami nikafurahi kwamba huko Bura utatembea tena, mbali na wageni na mbali na jiko lile.

Sasa naambiwa niombe radhi. Nauliza, na wazee wetu wanijibu: nyayo za mwanamke mgonjwa zinamtukana vipi mtu, ikiwa mishipa iliyotuna kwa kumtumikia haikumtukana? Heshima gani hii inayodai mguu ushuke, isijali unavimba? Mimi siipingi mila yetu. Ninampinga anayejificha nyuma yake.

Hata hivyo jana nilikwenda hotelini. Penye jiko lako nilimkuta Mama Mwende, yule mama wa Mwingi anayekushikia nafasi. "Msalimie mama," akasema, "mwambie asikimbilie kurudi." Akainua pindo la gauni kidogo. Nyuma ya muundi wake, uzi wa buluu. "Na mimi naanza, unaona."

Abti akatokea. "Umekuja kuomba radhi?"

"Nimekuja kuomba stuli mbili ndefu, Abti. Moja ya Hooyo na moja ya huyu mama."

Akacheka. "Anjera haipikwi na mtu aliyekaa."

"Nyumbani kwenu nani aliwahi kuipika amesimama?"

Unajua, Hooyo, kwamba mama yenu aliipika ameketi kwenye kigoda, na wewe nyumbani huipika umeketi, na hakuna mwanamke wa Kisomali katika mji huu anayesimama mbele ya jiko lake mwenyewe. Ni Abti aliyejenga majiko ya matofali yanayofika kiunoni ili kazi iende haraka. Mama Mwende aliinamia unga, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokizuia.

"Omba radhi kwanza," Abti akasema hatimaye, "ndipo tuzungumze habari ya viti."

Nikamwambia avilete kwanza. Siku stuli zitakapowekwa mbele ya majiko, na wewe umepona sawasawa, nitasimama katika sebule ileile, mbele ya watu walewale, nitambusu mkono na kuomba radhi kwa sauti. Sitaona aibu. Aligeuka akaenda kaunta.

Kwa hiyo usirudi Jumamosi, Hooyo, wala ile inayofuata. Tembea na dada yako, lala vizuri, na uniwie radhi wewe, kwa kuwa hasira yako ndiyo pekee ninayoiogopa. Radhi ya Abti iko tayari kinywani mwangu. Tunasubiri viti.

Nakubusu kichwa, nakuombea afya.

Binti yako