Nyumba za Mbao za Rouen

Hounslow, London

Dada yangu mpenzi Kulsum,

Asalamu alaikum. Natumai magoti yamepata nafuu, na masika yamekuachia japo chumba kimoja kikavu. Mimi kifua kimechoka. Daktari sasa husema nami kwa upole mno, na maana yake naijua.

Umeuliza tena mbona sikurudi Zanzibar hata mara moja. Niliandika sina nauli, kisha nikaandika ni kifua. Yote uongo. Tangu nistaafu, kila kiangazi nilikusanya wazee wenzetu wa hapa waliotoka Afrika Mashariki, tukapanda basi na kuvuka maji hadi Rouen, mji wa kale wa Ufaransa, nami ndiye niliyewatembeza.

"Vichochoro hivi vimepinda kama vya kwetu," nikiwaambia. "Tazameni nyumba za mbao zilivyoinamiana. Saa ile kubwa imejengwa juu ya njia, mtapita chini yake. Vita viliuchoma mji huu, wenyewe wakarudi wakaujenga."

Safari ya mwisho, kina mama walivua viatu mlangoni pa kanisa kuu. Ndara zikajipanga safu, Wafaransa wakatutazama. Niliona haya, nikawahimiza wavae.

"Nyumba ya Mungu ni nyumba ya Mungu, Bwana Haidari," alisema Bi Gulbanu, mzaliwa wa Kampala. "Au kwenu Unguja mkiingia na viatu?" Wenzake wakacheka. "Hebu tuambie, nyumba yenu bado ipo?"

Nikajibu ipo, mlango wa nakshi unang'aa, baraza imepakwa chokaa. Nawe ulikuwa umeshaniandikia kwamba roshani imeanguka.

Ndiyo maana sikuja, dada. Watu wa Rouen walipigwa mabomu, wakarudi kwenye vizingiti vyao. Mimi sikupigwa hata kofi. Mapinduzi yalipokuja niliogopa, nikakimbia, nikakuachia mama na nyumba. Nyumba za watu nimezisifu hadi sauti ikanikauka. Yetu sikuwa na uso wa kuitazama.

Kwa hiyo usinitandikie tena kitanda ukiningoja. Watanizika huku, kwenye udongo wa baridi, ndege zikipita juu.

Nisalimie binamu yetu muuza kahawa, na jirani anayekupandishia maji. Ukienda kaburini kwa mama, msomee Fatiha kwa niaba yangu.

Umesema watalii wanaopiga picha mlango wetu unawafukuza. Usiwafukuze. Wakaribishe ndani, uwaambie nyumba ni ya nani, na nani aliikimbia. Ila kwanza wavue viatu.

Mdogo wako,
Haidari