Usimsahihishe Eliya Mbele za Watu

Kigoma, Jumatatu

Baba, shikamoo.

Goti linakusumbuaje tangu mvua zianze huko Arusha? Mama alinieleza kuwa sasa unaingia sinagogi kwa kushika ukuta. Sisi ni wazima. Wiki iliyopita redio ilinituma Mwamgongo kwa boti, kwenye habari za wavuvi. Nilirudi na homa, imeshapita.

Nakuandikia kwa sababu ya jana. Eliya alikuwa anakusomea kwa simu fungu lake la Torati, lile atakalosoma hadharani akitimiza miaka kumi na mitatu. Hakuvuka mstari wa pili. "Rudia! Umemeza herufi. Mama yako anakulisha nini huko, dagaa tu?" Mama Chausiku, jirani yetu, alikuwa uani anageuza dagaa wake, akasikia yote.

"Dada, huyo babu anafundisha au anafukuza mbuzi?"

Nilicheka. Eliya hakucheka. Aliiacha simu mezani, wewe bado unasema, akaenda kumsaidia Mama Chausiku kuanua dagaa.

Baba, kwa sikio hakuna anayekuzidi. Watu hutoka mbali kuja kujifunza kwako. Lakini kaka Asheri naye alikuwa wa umri huu ulipomkatiza mbele ya wote mpaka akaacha kusoma, akashuka jukwaani. Sasa ana watoto watatu na hajakanyaga tena sinagogi. Ni wewe uliyetufundisha kwamba msomaji hurudishwa pale kosa linapobadili maana, si kila anapoteleza. Ukatufundisha pia kwamba anayemwaibisha mtu hadharani ni kama amemwaga damu. Tulikariri. Wewe ulikuwa unasikiliza matamshi.

Hapa Kigoma hatufiki Wayahudi kumi wanaotakiwa ili Torati isomwe hadharani, kwa hiyo hawezi kusomea hapa. Tutakuja. Nimemwomba Asheri asimame kando yake. Amekubali, kwa sharti kwamba wewe ukae nyuma na usitoe sauti, hata ya kukohoa. Nijibu ndiyo au hapana kabla sijakata tiketi za treni. Ikiwa hapana, tutabaki huku.

Mwamkie Mama, na shangazi anayetuokea mikate ya Sabato, mwambie nimeikumbuka.

Eliya nilimpa kalamu akuandikie salamu zake hapa chini. Amekataa. Anasema utatafuta makosa.

Binti yako,
Dina