Jibini Yenye Ukungu Nimeila, na Nipo

Jumamosi, saa kumi jioni. Hapa Mabawa leo joto limekosa adabu, nguo inaganda mgongoni. Sijali. Nina furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Nimekula jibini yenye ukungu. Ule ukungu wenyewe, wa bluu, nimeutafuna.

Nilipokuwa na miaka minne, tukikaa Muheza, nilichomwa sindano ya penisilini. Uso ukavimba, pumzi ikakatika, nikanusurika. Tangu siku ile kadi yangu ya hospitali imeandikwa kwa wino mwekundu, na Mama kajipa kazi ya ulinzi. Kila harusi lazima awaambie wapishi, "Huyu binti yangu ana aleji," utadhani pilau hutiwa sindano. Halafu mtu akamwambia penisilini ilitokana na ukungu. Yarabi! Hata mkate wa jana nikawa nanyang'anywa mkononi.

Sasa nina miaka ishirini na tisa. Nafanya kazi kwa Dada Stella, Mshambaa anayetengeneza jibini hapa mjini. Mwaka huu kaanza na hii ya bluu. Miezi mitatu nimeigeuza, nimeitoboa ili ukungu upenye ndani, nimeifunga. Kuionja, sithubutu. Wiki iliyopita akaniambia waziwazi: mimi ninayesimamia chumba cha kuivishia jibini lazima nionje, la sivyo nafasi anampa mwingine.

Nililia chooni. Nakiri. Nilichoka kuishi kama mgonjwa kwa ajili ya sindano moja.

Alhamisi nikaenda kwa daktari na kadi yangu. Akaniuliza kama vumbi au kuta zenye ukungu hunipa vipele au kifua kubana. Hapana. Akasema ukungu wa jibini hii ni jamaa tu wa ule wa dawa, hautoi dawa yenyewe kiasi cha kunidhuru. Nianze na kipande kidogo, nisiwe peke yangu. Ila penisilini nisiiguse maisha.

Leo nikaja na kipande nyumbani. Kujificha nisingeweza, mimi si mwizi. Nikakaa mbele ya Mama.

"Ukifa, mie nitamwambia nini baba'ko?"

"Sifi, Mama. Nimemuuliza daktari."

"Si daktari pia ndiye aliyekuchoma ile sindano?"

Nikamega kipande. Nikala hivyohivyo. Chumvi, ukali, harufu ya soksi. Kusema kweli sikuipenda. Baadaye kidogo nikaongeza kipande cha pili kwa ukaidi tu.

Mama akavuta kiti, akanikodolea macho karibu masaa mawili. Ananishika shingo, anauliza, "Unapumua?" Adhuhuri kaswali palepale ubavuni mwangu. Nilitaka kumcheka, nikajizuia.

Mimi siku ile ya Muheza nimesimuliwa tu. Yeye ndiye aliyenibeba sipumui.

Nampenda, wallahi. Lakini sitaishi ndani ya hofu yake, hata akinuna mwaka mzima. Nikampigia simu Dada Stella mbele yake, nikasema kwa sauti: Jumatatu jibini naonja mimi.

Mama amesikia.  Kainuka, kachukua kawa, akakifunika kile kipande kilichobaki, inzi wasikiguse.