Kishikwambi Kinamwambia Mume Wangu Kwamba Binti Yetu Yuko Safarini

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa sababu nilichokifanya nilikifanya kwa huruma na sasa kimeniingiza mahali ambapo sioni pa kutokea.

Naitwa Costancia, ila hapa Mabwerebwere, Kilosa, wananiita Mama Angela. Mume wangu Yeremia alikuwa bwana shamba, mtu wa kuzunguka vijijini na pikipiki, Kidete na kwingine, na kila mkulima alimjua kwa jina na kwa shamba lake. Miaka michache iliyopita, akitoka Mikumi kumwona binti yetu, pikipiki iliteleza kwenye kokoto akaangukia kichwa. Mwili ulipona lakini kumbukumbu haikupona. Mambo ya zamani anayajua yote, atakutajia hata mbegu watu waliyopanda mwaka tuliooana, lakini jambo la sasa hivi ukimwambia, akienda uani na kurudi halipo tena, na kesho yake ni kama hukuwahi kulisema.

Daktari alitushauri tumtafutie kifaa cha kumkumbusha. Tulianza na kitochi, simu ndogo ya vitufe, alamu ikawa inalia vizuri tu, ila haisemi inalilia nini, basi anabaki amesimama katikati ya chumba amekishika mkononi ananitazama. Tukamnunulia simu ya tachi, hiyo ikawa balaa, matangazo yanaingia, watu asiowajua wanapiga, anagusa hapa anatokea kule na dawa imepitwa na saa yake. Mwishowe Brayan, fundi simu wa pale stendi, akatuchagulia kishikwambi kidogo cha kuenea kiganjani, hakukiweka laini, akaondoa kila kisichohitajika, akakuza maandishi, akaweka programu ya ratiba inayolia na kisha kusoma kwa sauti kilichoandikwa. Yeremia akajifunza kuandika humo mwenyewe, kwa kidole kimoja, akawa anakivaa shingoni kwenye mfuko wa ngozi. Mshauri, kilinirudishia mume. Alikunywa dawa bila kugombana na mimi, alijua leo ni siku gani, Jumapili alikuwa anavaa na kunisubiri mlangoni twende kanisani. Na anakiamini kuliko mtu. Mimi nikimwambia leo ni Jumanne, anakitazama kwanza.

Humo aliandika mwenyewe, "Ijumaa jioni mpigie Angela. Tumia simu ya mama yake." Angela alikuwa mtoto wetu pekee, ameolewa Mikumi na Evance, anafanya kazi jikoni kwenye hoteli ya watalii. Kila Ijumaa baba yake alimuuliza maswali yale yale na yeye alijibu kama vile hajawahi kuulizwa, na walicheka sana, mpaka mimi nilikuwa naona wivu kidogo.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaisha, Angela alifariki akijifungua. Walikuwa wanamkimbiza hospitali kubwa, damu ikakataa kukatika, hakufika. Mtoto alipona, ni wa kike, tumemwita Rebeka, ninamlea mimi maana Evance yuko peke yake na kazi yake ni ya zamu. Tulimzika Angela hukohuko Mikumi. Yeremia alikuwepo, alitupa udongo kaburini kwa mkono wake, alilia mpaka wanaume wakamshikilia. Tulipofika nyumbani akatazama viatu vyake akaniuliza tumetoka wapi na matope yote haya.

Ijumaa yake kishikwambi kikalia, kikasema mpigie Angela, akaniomba simu. Nikamwambia ukweli. Alilia kilio kipya kabisa, kama ndiyo kwanza anapata habari, na kwake ilikuwa ndiyo kwanza. Asubuhi hakukumbuka. Ijumaa nyingine ikawa hivyo hivyo, na katikati ya wiki akimwona mtoto anauliza huyu ni wa nani, nikijibu tunaanza upya. Kuna siku alianguka presha imepanda, jirani yetu Yassin akatupeleka hospitali na bajaji yake, na nesi akaniambia mama, mshtuko mwingine kama huu tutampoteza. Nilirudi nyumbani nimeamua kwamba sitamuua mume wangu kwa mdomo wangu. Alipolala mchana nikakitoa kishikwambi kwenye mfuko, nikafuta yale maneno yake, nikaandika, "Angela yuko safari ya mbali. Hakuna mtandao. Atapiga mwenyewe." Na kuhusu Rebeka nikaandika ni mtoto wa jirani, nimeachiwa.

Nyumba ilitulia, nikajiona nimepata dawa. Kumbe anasoma yale maneno kila siku, na kila siku Angela hapigi. Akaanza kuongeza mistari chini yake. Kwanza aliandika, "Angela hajapiga." Halafu, "Bado." Halafu nikakuta, "Angela ananiona mzigo kwa sababu naumwa. Asipigiwe mpaka aje aniombe radhi." Sasa, mshauri, kila asubuhi mume wangu anaamka hana kinyongo na mtu yeyote, anafungua kishikwambi, anasoma, anamkasirikia mtoto aliye kaburini. Picha ya harusi ya Angela ameigeuzia ukutani.

Wiki iliyopita Evance alikuja kumwona mwanawe. Alimwamkia baba mkwe wake, naye badala ya marahaba akamwambia, "Mwambie mkeo kwamba baba yake hajafa bado." Evance alitoka nje akachuchumaa kwenye ukuta wa choo. Nilipomfuata alikuwa ameuma kola ya shati asisikike. Aliponyamaza akaniambia, "Mama, nakuheshimu, lakini marehemu wangu hasemwi hivyo. Kama ndivyo mnavyoishi hapa, mtoto nampeleka kwa mama yangu."

Shemeji yangu Cleopa, mdogo wake Yeremia, anayeuza pembejeo Dumila, amesikia na amekuja juu. Anasema nimemfanya kaka yake mjinga. Atakuja yeye mwenyewe aandike kwenye ukurasa wa kwanza kwamba Angela amekufa, kilie kila asubuhi mpaka kichwa kizoee. Nikamuuliza, asubuhi hizo utakuwepo? Akakata simu. Namwogopa Cleopa na namwogopa Evance, na zaidi naogopa siku Yeremia atakapokufa akiwa na hasira na mwanawe. Nikifuta naua, nikiacha naua. Niandike nini kwenye hicho kifaa?

Costancia, Mabwerebwere, Kilosa

MAMA DOTO ANAJIBU

Marahaba, Mama Angela. Pole ya msiba, na pole ya kuubeba msiba huo kila unapoulizwa. Barua yako nimeisoma nikaiweka chini, nikatoka nje kwanza, ndipo nikarudi kuimaliza.

Sasa keti nikuambie. Umekosea. Sikusemi kwa kushindwa kumwambia mgonjwa ukweli siku presha imepanda, siku ile hata mimi ningemwambia Angela hajambo. Umekosea kuingiza uongo kwenye kifaa ambacho yeye amekifanya kichwa chake. Uongo wa mdomoni angeusahau kabla ya chai. Wewe umeuandika, ukamwachia asomewe kila siku, na yeye akafanya ambacho mzazi yeyote angefanya akiambiwa mwanawe yupo na hapigi. Ile hasira si ya ugonjwa. Umempandia wewe, na aliyetukanwa ni binti yako ambaye hawezi kujitetea. Evance ana haki ya kuumia, na usimlaumu hata kidogo.

Cleopa naye mwambie nimesema asiguse. Hicho anachotaka kufanya ni ukatili, hata kama anakiita ukweli. Mtu anaamka, hajanawa uso, kifaa kinalia kinamtangazia kwamba mwanawe amekufa, na chumbani hakuna mtu. Kichwa kilichoumia hakizoei kwa kupigiwa kelele. Kama kweli anampenda kaka yake, afunge duka aje akae hapo Mabwerebwere, aone asubuhi moja inavyokuwa.

Umeniuliza uandike nini. Wewe usiandike kitu. Leo hii futa yale uliyoyaandika wewe, ya safari na ya mtoto wa jirani. Aliyoyaandika Yeremia usiyaguse. Ulishaingiza mkono wako kichwani mwake kwa siri mara moja, inatosha. Hayo atayafuta mwenyewe, na ili ayafute lazima ajue.

Kwa hiyo atajua, ila kwa utaratibu. Nenda kwanza kwa daktari wake, mweleze kama ulivyonieleza mimi, akuambie dawa ya presha ikoje na ni saa ngapi salama. Chagua asubuhi, ameshakula na dawa ameshakunywa, Yassin na bajaji yake wawe karibu. Cleopa awepo, Evance aombwe awepo. Umpakate Rebeka. Kaa upande wake, usikae mbele yake kama hakimu, na umwambie kwa maneno machache. Mwonyeshe picha za mazishi, naamini zipo, hasa yoyote ambayo yeye mwenyewe yupo, maana swali lake la kwanza litakuwa hilo. Asipewe nafasi ya kudhani mlimzika bila yeye.

Akishalia, na mwache alie, mwombe aseme mwenyewe anachotaka kukumbuka, mkirekodi kwa sauti yake. Msimfundishe maneno. Rekodi hiyo iwekwe mahali pake pamoja na picha, bila alamu. Isije ikalia hata siku moja. Asipouliza, usimfungulie, mwache anywe dawa zake apumzike. Akiuliza kuhusu Angela au kuhusu mtoto, mkalishe, kaa naye, ndipo mfungue pamoja. Siku ambayo presha yake ni mbaya mwambie tutaongea baadaye, halafu umpe mtoto ampakate, na usijute. Mengine yote ya kishikwambi yaendelee, dawa, kuoga, kanisani. Kazi hiyo kinaiweza.

Nina neno la mwisho na ni lako. Katika barua nzima, Yeremia amelia, Evance amelia, wewe sijaona mahali ulipolia. Kila ulipotaka kuanza ulikuwa na mtu wa kumbembeleza. Cleopa akifika, mwachie nyumba kwa siku moja, panda gari uende Mikumi, ukae na mwanao pale kaburini bila kumtunza mtu yeyote. Hilo si ombi.

Jibu hili nilimsomea Mama Angela kwa simu kabla ya kulichapa, kwa sababu Cleopa alikuwa anajiandaa kuja na gazeti lisingemuwahi. Juzi amenitumia ujumbe, na ameniruhusu niuweke hapa kama ulivyo.

"Mama Doto, shikamoo. Tulifanya. Daktari alinipa dawa ya ziada na akaniandikia namba yake. Cleopa alikuja na maneno mengi, lakini alipoona kaka yake anavyoamka na kumuuliza wewe umekuja lini, kila alipotoka na kurudi, akawa mtu wa kuniletea maji tu. Evance alikuja pia.

Nilimwambia nikiwa pembeni yake kama ulivyosema. Aliniuliza kama alikuwepo kumzika, nikamwonyesha picha anatupa udongo. Aliitazama sana, akaikuza kwa vidole akaangalia mkono wake. Halafu akafungua mwenyewe pale alipoandika Angela aombe radhi. Akasoma. Akauliza ni nani ameandika maneno haya. Evance ndiye aliyesema, 'Baba, hayo hayakumfika. Futa tu.' Akayafuta. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemdanganya. Alinishika kifundo cha mkono akaendelea kukishika.

Kurekodi alitaka tutoke, akabaki na Evance. Evance amesema mtoto abaki kwangu, yeye atakuwa anakuja akiwa hana zamu.

Mikumi nilikwenda. Sitakuandikia ya huko.

Asubuhi iliyofuata siku ya kurekodi alisahau, kama tulivyojua. Alimwona Rebeka mgongoni kwangu akauliza huyu mtoto ni wa nani. Nilimkalisha nikamfungulia. Ikasema sauti yake, polepole kama anavyosoma somo kanisani: 'Yeremia, ni mimi mwenyewe ninasema. Angela amefariki. Ulimzika, ulikuwepo. Hakuwa na ugomvi na wewe, alikuwa anapokea kila ukipiga. Mtoto huyu ni wake. Usimuulize Mama Angela tena leo, amechoka.'

Alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mikono nikampa mtoto. Hakuniuliza tena siku ile. Lakini chai hakunywa."