Niliwauliza Mmoja Mmoja

Jumapili, Julai 2008. Kitengela.

Baridi ya leo ni ile ya kunywa chai ukiwa na koti. Hata vumbi la barabara ya Namanga limetulia. Mimi sijatulia.

Nimepata nafasi ya kusomea uzamifu ng'ambo: miaka minne ya kupima jinsi atomu nyingi zilizopoozwa mno zinavyohusiana. Mama huwaambia wenzake kanisani kwamba nasomea mambo ya friji. Simsahihishi, hajakosea sana.

Shida ni kwamba mimi ndiye kitinda mimba, na ndiye pekee niliyebaki nyumbani. Siwezi kuondoka bila ruhusa ya wazazi. Baba nilimuuliza juzi akiwalisha kuku. Akasema niende. Mama nilimuuliza jana tukichambua maharagwe. Akasema niende. Nikalala fofofo.

Eti mwanafizikia.

Katika kazi yetu, ukiitazama kila atomu peke yake huoni cha maana: mara imeelekea juu, mara chini, basi. Sharti uzipige picha zikiwa pamoja, ndipo ugundue kwamba hii ikielekea juu, jirani yake huelekea chini. Nimewafundisha wanafunzi jambo hilo mpaka sauti ikanikauka. Kwa wazazi wangu nikalisahau.

Leo mchana, tukila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikataja safari wakiwa wote wawili. Baba akamtazama Mama. Mama akamtazama Baba. Vijiko vikarudi kwenye sahani kwa pamoja.

Walipofunguka, kumbe kila mmoja alikuwa na hofu juu ya mwenzake. Baba anaogopa Mama ataacha kula, kama alivyofanya wakati dada yangu alipoolewa. Mama anaogopa Baba atahamia bandani kwa kuku, maana mimi ndiye hubishana naye kuhusu taarifa ya habari. Hakuna aliyejitaja mwenyewe. Nawapenda wazee hawa.

Nikasema basi, nitabaki.

Mama akaokota kijiko chake. "Wewe enda. Lakini ukipiga simu, piga tukiwa wote wawili. Ukiuliza mmoja, atakudanganya."

Baba hakubisha, na Baba hubisha kila kitu. Alivuta sufuria akamwongezea Mama muthokoi, naye Mama akala.

Nitaenda. Na simu nitapiga Jumapili mchana, wakiwa mezani.