Waya Alioukata Baba

Shoga, nakuandikia nikiwa njiani na Mama. Nimeegesha pembeni.

Unaukumbuka ule mlango wa Mama kwenye gari la marehemu Baba, uliokuwa haufunguki kwa ndani mpaka Baba azunguke na ufunguo? Tulivyomcheka ubahili wake wa kutoupeleka kwa fundi!

Leo nimelipeleka kwa fundi umeme. Kabandua mlango, kaniambia, "Dada, hii loki si mbovu. Waya umekatwa makusudi, ukafungwa tepu vizuri." Nikamwambia aunganishe.

Tunarudi, gari liko kwenye mwendo, Mama kafungua mlango. KAFUNGUA! Nimemdaka gauni. Ananiuliza, "Si tumefika?" Tumefika wapi, shoga, katikati ya barabara?

Baba alijua Mama anapotewa na akili. Alijua, akanyamaza, akaacha tumcheke.

Nikitulia namrudia fundi aukate tena. Wa kumwomba radhi tumeshamzika.