Mama Inchi, Mwili Wako Hukuupima

Mwaka umetimia, Mama, tangu cherehani yako ilipofunikwa kitambaa. Bado wateja wanafika mlangoni na kuita, "Mama Inchi yupo?" Kisha wanakumbuka, wanaziba midomo.

Hukuwa mpole wa maneno. "Simama wima, sishonei ngamia mimi," uliwaambia. Lakini ulipompima mwalimu jirani yetu ukakuta kiuno kimepungua inchi tatu kwa miezi miwili, uliikunja futi yako ya kupimia. "Sishoni. Nenda kapime sukari kwanza." Alinuna, akaenda. Sukari ilikuwa juu. Leo anatumia dawa na anafundisha.

Mganga hajigangi. Tulipokunja nguo zako baada ya mazishi, binti yako mkubwa, aliyerithi cherehani, aliona jambo. Blauzi nne, zote umezifumua kifuani upande wa kushoto, ukazishona upya kwa nafasi zaidi. Moja uliifumua mara tatu. Miezi minane, Mama, ulikuwa ukiushonea uvimbe nafasi badala ya kumwonyesha daktari. Alikaa katikati ya zile nguo, akakukasirikia, akalia. Hasira hiyo hatukufichi.

Mwezi uliopita mdogo wako alikuja kushonewa gauni la siku hii. Alisimama mbele ya kioo, mikono ameibana mbavuni.

"Inua mikono, Mama mdogo."

"Pima hivi hivi. Na huku kulia uniachie nafasi kidogo, kunanibana."

Futi ilimponyoka binti yako.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini? We shona."

"Sishoni."

"Una kiburi kama mama yako!"

"Mama yangu kiburi hicho kimemzika. Vaa viatu, twende."

Mama mdogo alishika meza. Sauti ikawa ndogo. "Nikiambiwa ndiyo, je?"

"Tutaambiwa wote. Na mimi napimwa leo."

Walipanga foleni hospitalini pamoja. Binti yako hakukutwa na kitu. Mama mdogo alikutwa na kinundu kama punje ya hindi. Wakamtoa kinyama kidogo kwa sindano, kikapelekwa maabara. Tulingoja siku tisa. Simu ikilia, kila mtu anamtazama mwenzake, hakuna anayeipokea.

Ni saratani, Mama. Lakini haijatoka mahali pake. "Mmewahi," daktari alisema. Neno hilo wewe hukuambiwa, maana ulikwenda hospitali wakati umeshindwa hata kuinua mkasi.

Kwa hiyo leo, maneno haya yakisomwa, hatutakuwa kaburini kwako. Saa mbili asubuhi mdogo wako anaingia chumba cha upasuaji, nasi tutakuwa kwenye benchi nje, tukiutazama mlango. Usituhesabie kosa. Ungekuwa hai, ungekuwa wa kwanza kwenye benchi hilo, ukimgombeza muuguzi.

Jana tulimwuliza mama mdogo tukuandikie nini kwa niaba yake. Alicheka, mara ya kwanza tangu majibu yatoke.

"Mwandikieni dada asinitandikie kitanda. Siji."

Unakumbukwa na mume wako, ambaye ameomba yeye ndiye ashike mkoba wa shemeji yake, na binti zako wawili, na kaka yako fundi bomba, na wajukuu, na mwalimu jirani, na mdogo wako, anayekupenda na hana haraka ya kukuona.

Hututoki moyoni, Mama, leo wala kesho.